Kobe na Tanga

Mwaka 1967 Seymour Papert, Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon walitunga Logo, lugha ya kuamrisha kompyuta iliyokusudiwa watoto. Baadaye akaongezwa kobe, ambaye huenda na kugeuka kama aamriwavyo, akiacha mstari nyuma yake. Hivyo programu ya kwanza ya mwanafunzi ikawa picha. Je, picha hufundisha, au hufurahisha macho tu?

Tulipime jambo hili kwa mfano wa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Viktoria katika kaunti ya Homa Bay. Mwanafunzi wa huko huyajua matanga ya mashua za wavuvi. Tuseme ataka kuchora tanga la pembe tatu, pande zake zote sawa. Hesabu yamwambia kuwa kila pembe ina digrii 60. Basi humwamuru kobe: nenda hatua 100, geuka kulia digrii 60, rudia mara tatu. Lo! Kobe hakurudi alikoanzia. Tanga limebaki wazi, mfano wa upinde usio na uzi.

Hapo ndipo ubora wa njia hii unapodhihirika. Hapana mwalimu aliyemkaripia. Kosa limejitangaza lenyewe. Akishuka ufuoni akatembea mwendo ule ule mchangani, atatambua kuwa kobe hugeuka kwa pembe ya nje, yaani digrii 120. Amejifunza jiometri na programu kwa pamoja, na miguu yake imekuwa kompyuta.

Walakini njia hii ina hatari yake. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, humpa mwanafunzi amri zilizo tayari, mithili ya matofali ya kupangwa, pamoja na sanamu za kuchezesha. Humwepusha na makosa ya tahajia, na hilo ni jema. Lakini aweza kubahatisha matofali mpaka picha ipendeze, asijue kwa nini imependeza. Mwalimu akisifu uzuri wa picha peke yake, amesifu bahati.

Jambo hili lakuhusu, msomaji, kwa kuwa mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mafunzo ya programu katika shule za msingi na za sekondari. Basi kabla hujamwamuru kobe aende, chukua kalamu uchore karatasini picha unayoitarajia. Michoro miwili ikilingana, umefahamu. Ikitofautiana, tafuta amri iliyowatenganisha wewe na kobe.