Pigo la Ngozi na Neno la Kuhani: Tathmini ya Tafsiri za Kiyahudi juu ya Walawi 13–14

Sura za 13 na 14 za kitabu cha Walawi huhubiriwa mara chache, na zinapohubiriwa husomwa kana kwamba maana yake haina utata: ukoma ni mfano wa dhambi, na mwenye ukoma ni mwenye dhambi. Wengi hudhani kwamba fundisho hilo limerithiwa kwa Wayahudi. Katika makala hii tunakusudia kupima tafsiri za Kiyahudi zenyewe. Hoja yetu ni kwamba mapokeo hayo yana sauti mbili, ya sheria na ya mahubiri, na kwamba anayeishika ya pili na kuiacha ya kwanza humtwika mgonjwa mzigo ambao Maandiko hayakumtwika.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Kiebrania husema tsaraathi. Watafsiri wa Kigiriki walisema lepra, jina la magonjwa ya ngozi yenye magamba. Biblia yetu ya Kiswahili ikasema ukoma. Lakini ukoma tuujuao, ambao kijidudu chake kiligunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, haushiki nguo wala kuta za nyumba, ilhali tsaraathi hushika vyote viwili (Law. 13:47, 14:34). Tena mtu aliyegeuka kuwa mweupe mwili mzima hutangazwa kuwa safi (13:13). Hakuna mganga awezaye kuulinganisha ugonjwa huo na ukoma.

Sauti ya sheria twaisikia katika Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200 B.K., hasa katika kitabu chake kiitwacho Negaimu, chenye sura 14. Humo marabi hawamwulizi mgonjwa ametenda dhambi gani. Wanauliza juu ya rangi ya kipaku, ukubwa wake, na nywele zilizomo. Unajisi hauanzi pigo linapotokea, bali kuhani anapolitamka. Na kuhani asiye na elimu huambiwa na mwenye elimu neno la kutamka. Bwana arusi hupewa siku saba za karamu yake kabla ya kukaguliwa. Mtu wa mataifa hatiwi unajisi na pigo hilo hata kidogo. Kama marabi wangekuwa wanaogopa maambukizo, wasingemwacha bwana arusi katikati ya wageni wake. Ni dhahiri kwamba wanashughulika na hali ya ibada, si na afya wala maadili.

Hata amri ya kutoa vyombo nyumbani kabla kuhani hajaingia (14:36), Rabi Meir aliiona kuwa ya huruma. Vyombo vingine huweza kutakaswa kwa maji. Kinachookolewa ni chombo cha udongo. Ikiwa Torati yakihurumia chungu cha bei ndogo, je, haitazidi kuwahurumia wana wa mwenye nyumba?

Sauti ya pili ni ya mahubiri. Katika Talmudi, Resh Lakish analichezea neno metsora, yaani mwenye pigo, na kulisikia kama “motsi shem ra”, mwenye kuvumisha jina baya. Miriamu alimnena Musa, akapigwa (Hes. 12). Msingiziaji alimtenga mtu na mkewe na jirani na jirani. Basi naye akae peke yake. Fundisho hili lina nguvu, kwa kuwa ulimi hauna mfupa, na msikilizaji huanza kuuchunguza ulimi wake mwenyewe.

Hata hivyo, kama ufafanuzi wa Walawi halitoshi. Sura ya 13 haitaji dhambi yoyote. Kweli, aliyepona huleta sadaka ya hatia na ya dhambi (14:12, 19). Lakini mama aliyejifungua naye huleta sadaka ya dhambi (12:6), wala hatusemi kuzaa ni kosa. Miriamu, Gehazi na Uzia wametajiwa makosa yao. Naamani hakutajiwa lake. Zaidi ya hayo, Maimonides, aliyefariki mwaka 1204, alifundisha kwamba tsaraathi haikuwa jambo la desturi ya ulimwengu, bali ishara ya ajabu katika Israeli ya kuonya wasengenyaji. Kwa hoja yake hiyo, mgonjwa wa hospitali hahusiki na onyo hilo.

Katika zama zetu, Jacob Milgrom, katika ufafanuzi wake wa mwaka 1991, alifundisha kwamba unajisi huu ni sura ya mauti. Ushahidi wake ni mzito: Miriamu hufananishwa na maiti (Hes. 12:12), na mwerezi, hisopo na uzi mwekundu hutumika pia katika kumtakasa aliyegusa maiti (Hes. 19). Tunaikubali tafsiri hii kuliko zote. Lakini yaeleza zaidi sababu ya kutengwa kuliko hali ya aliyetengwa. Hapo Talmudi yatufaa: mwenye pigo hupaza sauti “najisi” ili watu wengi wajue taabu yake na kumwombea rehema.

Basi tusihubiri kwamba sheria ya Wayahudi ilikuwa katili na Yesu akaifuta. Alimgusa mtu yule, kisha akampeleka kwa kuhani kama Musa alivyoamuru (Mk. 1:41–44). Katika mafundisho yetu tuseme “pigo la ngozi” badala ya “ukoma”, kwa maana ukoma una dawa mchanganyiko zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 1981, na wengi waliopona bado wanaogopewa kwa ajili ya neno walilolisikia kanisani. Walawi 14:3 yamwagiza kuhani atoke nje ya marago kwenda kumwangalia mgonjwa. Safari hiyo ni ya kuhani, si ya mgonjwa.