Mikono Nyuma ya Tundu Dogo

Mtoto wa Kabanga, wilayani Kasulu, mwenye tundu moyoni ana safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Baadhi ya matundu huzibwa bila kupasua kifua. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, picha za eksirei zikiongoza njia, kisha kizibo kilichokunjwa ndani yake hufunguka kama mwavuli. Valvu iliyosinyaa kwa homa ya rumatiki hutanuliwa kwa puto.

Daktari hafanyi haya peke yake. Mtaalamu wa mionzi huelekeza kamera, muuguzi hufuatilia presha na mapigo. Wote huvaa aproni za risasi zinazolemea mabega na mgongo. Mrija ukitolewa, kuna anayebana paja kwa mkono, dakika baada ya dakika, hadi damu ikome.

Kazi hiyo yote humtegemea tabibu wa kijijini aliyesikia kwa stetoskopu mvumo usio wa kawaida. Huandika rufaa, huwatuliza wazazi, kisha humwita mgonjwa anayefuata.