Sifuri Si Risiti

Mfumo wowote unaoomba malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia watayarishaji programu mwaka 2017, hupokea majibu mawili, na mambo yakienda vizuri yote mawili huja na tarakimu ileile: sifuri. Sifuri ya kwanza hurudi papo hapo, ndani ya uga unaoitwa ResponseCode. Inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Hakuna shilingi iliyotoka kwa mtu. Simu ya mteja ndiyo kwanza inamtaka aweke PIN. Sifuri ya pili huja baadaye kidogo, katika uga wa ResultCode, ikitumwa kwenye anwani uliyoitaja katika ombi lako, pamoja na nambari ya risiti. Hiyo ndiyo pesa.

Baina ya sifuri hizo mbili yupo mtu mwenye simu. Anaweza kubatilisha ombi, na jibu likaja 1032. Anaweza kuwa mahali simu yake haipatikani, likaja 1037. Akaunti yake inaweza kuwa na salio pungufu, jibu likawa 1 peke yake. Nauchambua muda huo mfupi kwa sababu ndani yake niliona, waziwazi kuliko katika semina yoyote, kazi ya mhandisi wa mifumo inahamia wapi sasa ambapo akili mnemba inaandika msimbo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilitaka wanachama walipe michango na marejesho kwa simu, na kila malipo yaingie katika daftari la mwanachama bila karani kuyanakili. Niliikabidhi kwa chombo cha akili mnemba cha aina inayofanya kazi ndani ya mradi wenyewe: kinasoma faili, kinaandika, kinaendesha majaribio, kikikwama kinajirekebisha na kuendelea.

Mwanzo ulikwenda kasi. Tokeni ya Daraja hudumu takriban saa moja. Chombo kiliihifadhi na kuiomba upya kabla haijaisha. Nywila ya ombi hutengenezwa kwa kuunganisha nambari ya biashara, ufunguo wa siri na tarehe na saa ya wakati huo, kisha kuusimba mkufu mzima kwa Base64. Hiyo nayo ikatoka sawa mara ya kwanza. Nambari za simu, ambazo wanachama huandika kila mtu kwa namna yake, nyingine zikianza na 07, nyingine 01, nyingine +254 na nafasi katikati, zikageuzwa zote kuwa na sura moja. Mwanagenzi angeishughulikia hii siku kadhaa, na angejifunza mengi akiifanya. Nitalirudia hili la mwanagenzi.

Kisha nikafika kwenye sehemu inayoandika daftarini. Msimbo ulikuwa nadhifu, majina ya vipengele yanaeleweka, maelezo mafupi yapo mahali pake. Na ulikuwa unamhesabia mwanachama kwamba amelipa punde ResponseCode ilipokuja na sifuri, yaani kabla hajagusa PIN. Mwanachama angeweza kuomba kulipa elfu kumi, akabatilisha ombi kwenye simu, na daftari likaonyesha elfu kumi.

Lililonikalisha chini zaidi ni kwamba majaribio yote yalikuwa yamepita. Chombo kiliyaandika chenyewe kutokana na dhana ileile iliyouzaa msimbo: kikabuni jibu lenye sifuri, kikalipitisha, kikathibitisha kwamba daftari limeongezeka, rangi ya kijani ikawaka. Hakuna jaribio hata moja lililouliza kama pesa imefika. Dosari nyingine ilikuwa jirani yake. Malipo yakishindikana, jibu la Safaricom haliji na lile fungu la CallbackMetadata lenye kiasi na risiti. Msimbo uliliendea moja kwa moja kana kwamba lipo siku zote, kwa hiyo mteja wa kwanza kubatilisha angeiangusha huduma nzima ya kupokea majibu. Jaribio la hali hiyo pia halikuwepo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema mashine hazina akili. Haingekuwa kweli. Nilipokiuliza chombo, “Tofauti ya ResponseCode na ResultCode ni nini?”, kilinieleza kwa ufasaha usio na doa. Nilipouliza itakuwaje jibu moja likiletwa mara mbili, kilitambua mara moja kwamba mwanachama angeandikiwa malipo mara mbili, kikapendekeza hifadhidata ikatae risiti iliyokwisha kuingia. Nilipouliza nani anaweza kutuma ujumbe kwenye ile anwani yetu, kikakiri kwamba yeyote anayeijua anaweza kughushi risiti, kikashauri kila jibu lilinganishwe na ombi tulilolituma, kwa CheckoutRequestID, yaani kitambulisho cha ombi, na kwa kiasi, kisha Daraja iulizwe hali ya malipo kabla ya kuandika chochote. Na jibu lisipokuja kabisa? Kikapendekeza kazi ya kila baada ya dakika chache inayoulizia maombi yanayosubiri. Ujuzi wote ulikuwemo. Haukutoka mpaka ulipoulizwa.

Sasa, maswali hayo yalitoka wapi? Hayakutoka kwenye msimbo. Nilianza kazi hii nikivuta nyaya na kusanidi ruta, nikahamia kwenye seva, kisha kwa miaka kadhaa nikawa yule mtu anayeitwa mfumo ukikwama. Mwisho wa mwezi ulinikuta nimekaa na mweka hazina wa chama fulani, taarifa ya M-Pesa upande huu, daftari upande ule, tukitafuta malipo yaliyoingia mara mbili au yaliyopotelea njiani. Hakuna aliyeiita kazi hiyo uhandisi, mimi mwenyewe nikiwemo, na nilipohamia kwenye uandishi wa programu niliiacha kwa furaha. Leo ndiyo sehemu ya ujuzi wangu ambayo chombo hakiwezi kunizidi kwa kasi, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza mambo ya kuuliza.

Kwa hiyo awamu ya pili tuliifanya kwa mpangilio mwingine. Niliifuta sehemu ya daftari yote. Nikaandika ukurasa mmoja wa kanuni kwa Kiswahili cha kawaida: pesa haihesabiwi bila nambari ya risiti; risiti moja haiingii mara mbili; ombi lina hali tatu tu, linasubiri, limelipwa au limeshindikana; ombi lililoshindikana halirudi kuwa limelipwa bila Daraja kuthibitisha. Nikampelekea mweka hazina. Yeye hasomi msimbo, lakini ukurasa ule aliusoma akaongeza kanuni ambayo isingenijia: rejesho la mkopo hulipa kwanza faini, halafu riba, ndipo liguse mkopo wenyewe. Kama tungeendelea bila yeye, kila daftari la mkopaji aliyechelewa lingekuwa na hesabu potofu, na kijani kingewaka vilevile.

Majaribio niliyaandika kwa mkono kutoka kwenye ukurasa huo, likiwemo la jibu linalokuja mara mbili, la jibu lisilo na risiti na la kiasi kisicholingana na ombi. Chombo kilikatazwa kugusa faili za majaribio. Nilizifungia hata ruhusa ya kuandikwa, maana kikishindwa kupita jaribio, njia fupi ya kupita ni kulibadilisha jaribio. Baada ya hapo nikakiacha kiandike. Msimbo mwingi uliomo katika mfumo ule leo umeandikwa na chombo, na sina tatizo nao. Jambo la mwisho, na halina mjadala: hakikuonyeshwa jina wala nambari ya simu ya mwanachama yeyote. Nambari ya simu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na kuibandika katika huduma iliyo kwenye seva za nchi nyingine ni kuitoa nchini, hata kama mbandikaji alikuwa anatafuta hitilafu tu.

Uzoefu huo unanisaidia kuzielewa takwimu mbili zinazotupiwa watu kama zinapingana. Watafiti wa GitHub na wenzao waliwapa waandishi wa programu 95 kazi ya kujenga seva ndogo ya HTTP kwa JavaScript, na waliotumia Copilot, chombo cha akili mnemba cha GitHub, waliimaliza kwa muda pungufu kwa asilimia 55.8. Mwaka 2025 shirika la utafiti la METR likawachukua wataalamu 16 wa miradi huria mikubwa waliyoifahamu vizuri, likawagawia kazi 246, nyingine kwa msaada wa akili mnemba na nyingine bila. Waliposaidiwa walichelewa kwa asilimia 19, ilhali wenyewe waliamini kwamba wameharakishwa kwa asilimia 20. Kwangu hakuna mgongano. Tokeni, nywila na nambari za simu ni kazi ya jaribio la kwanza: changa, ndogo, imefanywa na maelfu kabla yako. Daftari la chama ni kazi ya jaribio la pili, ambako kanuni nyingi zimo vichwani mwa watu na muda unaookolewa katika kuandika unaliwa katika kukagua. Vyombo vimeboreka tangu majaribio hayo, na sishangai matokeo mapya yakitofautiana. Lakini ile tofauti kati ya walivyohisi na saa ilivyosema ndiyo ningemwonyesha meneja yeyote anayepanga ratiba kwa kuwauliza mafundi wake kama wanajisikia wepesi.

Tahadhari ndogo kabla sijahamia kwenye ajira. Vyombo hivi hupendekeza vifurushi vya msimbo visivyokuwepo duniani. Utafiti mmoja wa Marekani uliopima sampuli 576,000 za msimbo ulikuta kwamba angalau asilimia 5.2 ya vifurushi vilivyotajwa na modeli za kibiashara ni vya kubuni, na kwa modeli huria asilimia 21.7. Mhalifu akisajili jina lililobuniwa, mtu anayesakinisha bila kuangalia anamwingiza mwenyewe ndani. Kwenye mfumo wa pesa, kila kifurushi kipya kithibitishwe na binadamu.

Sasa yule mwanagenzi. Erik Brynjolfsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichambua kumbukumbu za mishahara za Marekani na kukuta kwamba ajira ya watayarishaji programu wa umri wa miaka 22 hadi 25 ilishuka kwa karibu asilimia 20 kutoka kilele cha mwishoni mwa 2022 hadi Julai 2025, huku wakongwe wa kazi hiyohiyo wakibaki imara. Hiyo ni Marekani, na wachumi wanabishana ni kiasi gani kimetokana na akili mnemba na ni kiasi gani na riba kubwa pamoja na kampuni kupunguza walioajiriwa kwa pupa wakati wa korona. Hata hivyo mantiki yake naiona mezani kwangu: kazi ya kugeuza 07 kuwa 254, ambayo kijana aliingilia nayo katika fani, imekwenda kwa chombo, na aliyebaki na kazi ni yule anayejua kuitilia shaka sifuri ya kwanza. Naye alijulia wapi? Alijulia kwenye zile kazi ndogo ambazo sasa hazigawiwi mtu.

Kwa mtu anayebadili kazi nina habari nafuu zaidi. Mhasibu, karani wa benki, muuguzi aliyechoshwa na mfumo mbovu wa wodi, wote hao zamani walizuiwa na sarufi ya lugha za kompyuta. Kizuizi hicho kimeshuka sana, na wanachokileta, yaani kujua pesa au dawa huharibikia wapi, kimepanda thamani. Ila wajifunze kusoma msimbo hata kama hawatauandika sana, pamoja na hifadhidata na namna ya kuandika majaribio. Asiyeweza kuusoma hawezi kuukagua, na anayeuweka kazini bila kuukagua anacheza kamari na fedha za wenzake.

Wanagenzi nao wanahitaji kazi tofauti na ile tuliyopewa sisi. Mpe taarifa ya M-Pesa ya mwezi uliopita iliyofutwa majina, mpe daftari, mwambie atafute zisipolingana. Mpe msimbo ulioandikwa na chombo, mwambie auvunje, na kila anapouvunja aandike jaribio. Kazi hiyo hailipi mradi haraka, ndiyo maana kampuni nyingi zitairuka. Kwa waajiri wa Nairobi na Dar es Salaam nasema hivi: gharama ya mwanagenzi iwekeni katika bajeti ya ukaguzi, mumkalishe kando ya mhasibu, na msiyapokee majaribio ambayo hakuna binadamu aliyeyaandika.