Mara nne gerezani, milango minne ya kutokea

Kati ya Aprili 2018 na Machi 2022, Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, alitoka gerezani mara nne, na kila mara kwa njia yake ya kisheria. Mara ya kwanza kwa bondi iliyosainiwa mbele ya hakimu. Ya pili kwa rufaa. Ya tatu kwa faini. Ya nne kwa Mkurugenzi wa Mashtaka kuiondoa kesi. Siasa za mashauri yale zimeandikwa na kusemwa vya kutosha. Mimi nataka kufuata karatasi: iliandikwa ipi, ikapelekwa wapi, na kwa nini mlango ulifunguka siku ile na si wiki moja kabla. Nafanya hivyo kwa sababu kila asubuhi nje ya mahakama zetu wapo kina mama, kaka na wake wa mahabusu wanaoambiwa “subirini” bila kuelezwa wanasubiri nini.

Tuanze na mlango wa kwanza, ambao ndio unaowapitisha wengi. Tarehe 27 Machi 2018 Mbowe na viongozi wenzake walipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, kwa mashtaka yaliyotokana na maandamano ya 16 Februari huko Kinondoni. Tarehe 29 Machi hakimu alitoa uamuzi kwamba dhamana ipo: kila mshtakiwa awe na wadhamini wawili, bondi ya shilingi milioni 20, na aripoti polisi kila wiki. Lakini washtakiwa hawakuwepo mahakamani siku hiyo. Ilielezwa kwamba gari la Magereza lilikuwa bovu. Sikukuu ya Pasaka ikawakuta katika gereza la Segerea, na waliachiwa 3 Aprili.

Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hulijua zikiwa zimechelewa. Amri ya dhamana haimtoi mtu. Kinachomtoa ni bondi, na bondi haisainiwi kwa niaba. Mshtakiwa mwenyewe asimame mbele ya hakimu ajifunge kwamba atahudhuria, na wadhamini wake wajifunge kwamba asipohudhuria wao watawajibika kwa kiasi kilichotajwa. Kabla ya hapo wadhamini wanahakikiwa: kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa au ya mtendaji, picha, na pale mahakama ilipotaka mali, hati ya mali hiyo. Barua yenye jina lililokosewa herufi moja inatosha kumrudisha mtu mahabusu. Kwa hiyo wakili mzuri hufanya kazi yake siku moja kabla. Anawakusanya wadhamini, anazisoma barua zao neno kwa neno, anahakikisha wito wa kumleta mshtakiwa umefika gerezani, kisha anawahi masjala asubuhi karani akiwa hajazidiwa na mafaili. Sheria anaijua tangu chuoni. Ujuzi unaomtoa mteja siku hiyo ni wa kujua saa ambayo basi la mahabusu huondoka kurudi gerezani.

Sasa tuje kwenye hati ya kukamata, ambayo watu huiita waranti. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana akikosa siku ya kesi bila sababu kufika kwa hakimu, upande wa Jamhuri unaweza kuomba akamatwe, na hakimu akatoa hati. Watu wengi hudhani hati hiyo huchakaa. Wanahama mtaa, wanabadili namba ya simu, wanasubiri upepo utulie. Upepo hautulii. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, hati inabaki na nguvu hadi itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Maneno “iliyoitoa” ndiyo yenye uzito. Mkuu wa kituo hawezi kuifuta. Mpelelezi hawezi. Mtu anayekwambia “nipe kidogo nikumalizie hilo suala la waranti” anakuuzia kitu asichokuwa nacho, na baada ya miaka miwili utakamatwa kwa hati ileile, ukiwa umepoteza fedha na pia sababu yako ya mwanzo.

Njia inayofanya kazi ni ya kurudi kwa miguu yako. Mshtakiwa, au ndugu yake, anakwenda masjala na namba ya kesi, anathibitisha kama hati ipo kweli na ilitolewa tarehe ipi. Kisha wakili anaandaa maombi ya kuiondoa, yakiwa na kiapo na vielelezo: karatasi za hospitali zenye tarehe, tiketi, cheti cha kifo cha mzazi aliyezikwa siku hiyo. Halafu wanakwenda pamoja mbele ya hakimu, na wadhamini wakiwepo. Kuwepo kwa wadhamini ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Bondi ikivunjwa, wao ndio wanaoitwa kueleza kwa nini wasilipe. Wakija wenyewe kabla ya kuitwa, hakimu anaona kwamba dhamana bado ina watu nyuma yake. Tena hakimu ana nafasi ya kupima: sheria inamruhusu hata wakati wa kutoa hati kuandika juu yake kwamba mtu huyo akikamatwa aachiwe kwa dhamana yenye masharti fulani. Wakili asiyeliomba hilo pale penye nafasi anamwachia mteja wake usiku kadhaa wa bure mahabusu.

Lakini kurudi mbele ya hakimu si kinga, na hapo ndipo mlango wa pili unapoingia. Novemba 2018, katika kesi ileile ya Kisutu, Mbowe na mbunge wa Tarime Mjini, Esther Matiko, walikosa kufika. Upande wao ulieleza kwamba Mbowe alikuwa kwenye matibabu nje ya nchi na Matiko kwenye safari ya kibunge. Mahakama haikuridhika na maelezo hayo. Tarehe 23 Novemba ikawafutia dhamana, wakapelekwa Segerea.

Mawakili wao, akiwemo Peter Kibatala, walikuwa na uamuzi wa kufanya upesi. Je, waombe tena dhamana kwa hakimu yuleyule, au wapande Mahakama Kuu? Walipanda, kwa rufaa iliyoambatana na hati ya dharura. Naona walichagua vizuri, na sababu ni ya kiufundi. Ombi jipya kwa hakimu aliyekwishaandika kwamba hakuridhika linamtaka ajipinge mwenyewe. Rufaa inauliza swali jingine kabisa: je, utaratibu aliotumia kufika pale ulikuwa sahihi? Kufuta dhamana ni hatua nzito. Ibara ya 13 ya Katiba inamchukulia mshtakiwa kuwa si mkosaji hadi ithibitishwe, na pia inampa haki ya kusikilizwa kikamilifu. Sheria ina ngazi za katikati kati ya kumwacha mtu na kumfungia: kumwonya, kuwaita wadhamini wajieleze, kuongeza masharti, kuzuia pasi ya kusafiria. Anayekata rufaa ana hoja ikiwa ngazi hizo zimerukwa.

Hoja hiyo, hata hivyo, haikusikilizwa haraka. Jamhuri ilileta pingamizi la awali, yaani ilidai kwamba rufaa yenyewe haikustahili kuwa mbele ya jaji. Pingamizi lilipokataliwa, ikaenda Mahakama ya Rufani, na Mahakama Kuu ikalazimika kusimama kusubiri. Desemba ikapita. Januari ikapita. Februari nayo ikaisha. Tarehe 1 Machi 2019 Mahakama ya Rufani ilitupa rufaa ya Jamhuri, jalada likarudi Mahakama Kuu, na tarehe 7 Machi Jaji Sam Rumanyika akaamua kwamba Kisutu ilikosea kuwafutia dhamana. Walikuwa wamekaa ndani siku 104.

Angalia mgawanyo wa siku hizo. Baada ya Mahakama ya Rufani kumaliza, kiini cha jambo kiliamuliwa ndani ya wiki moja. Miezi mitatu na zaidi ilikwenda kwenye swali la kama kiini hicho kiruhusiwe kusikilizwa. Hili linanikera, na sioni haya kulisema. Pingamizi la awali ni silaha halali katika shauri la ardhi au la mkataba, maana kiwanja hakilali sakafuni. Katika rufaa ya dhamana, kila siku ya pingamizi ni siku ya kifungo kwa mtu ambaye hajahukumiwa, na hata akishinda hakuna wa kumrudishia. Rufaa za aina hii zingepaswa kuwekewa kikomo cha siku, pingamizi na kiini vikasikilizwa pamoja kwa kikao kimoja. Majaji wetu hufanya hivyo mara kwa mara katika mashauri mengine.

Pia tuwe wakweli kuhusu gharama. Rufaa ile ilibebwa na mawakili wenye majina na chama kizima nyuma yao, na bado ilichukua siku 104. Kijana wa Buguruni aliyekosa siku ya kesi ya wizi wa simu kwa sababu alikuwa na homa hafiki Mahakama Kuu. Yeye humaliza safari kwa hakimu aliyemfutia.

Mlango wa tatu nitaupita haraka. Tarehe 10 Machi 2020 Kisutu iliwatia hatiani viongozi wale na kuwatoza faini ya jumla ya shilingi milioni 350, au kifungo cha miezi mitano kwa atakayeshindwa. Mbowe peke yake alidaiwa milioni 70. Wafuasi wakachanga, viongozi wakatoka mmoja baada ya mwingine ndani ya siku chache. Kulipa faini hakufuti haki ya kukata rufaa, na watu wengi hawalijui hilo. Wanadhani ukilipa umekiri. Hawa walilipa, wakakata rufaa, na Juni 2021 Mahakama Kuu ilitengua hukumu na kuamuru fedha zirudishwe. Aliyelipa atunze stakabadhi yake.

Mwezi mmoja tu baadaye, Julai 2021, Mbowe alikamatwa Mwanza, na safari hii shtaka lilikuwa na uhusiano na ugaidi. Mawakili wake walikuwa na uzoefu uleule na mshtakiwa alikuwa yuleyule, lakini mlango wa kwanza na wa pili ilikuwa imefungwa. Kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba zilizotumika wakati huo, kinaorodhesha makosa ambayo mahakama haina mamlaka ya kutoa dhamana: mauaji, uhaini, unyang’anyi wa kutumia silaha, utakatishaji wa fedha, ugaidi na mengine. Zuio hilo lilipingwa kwa hoja ya Katiba, na Mei 2020 Mahakama Kuu ikakubaliana na hoja hiyo. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, zuio likabaki. Kwa hiyo katika makosa haya kazi ya wakili hubadilika. Haombi tena dhamana. Anapigania kasi ya kesi, anapinga kila kielelezo na kila ungamo lenye kasoro, na anautazama uzito wa ushahidi akiwa na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka mawazoni, maana ufunguo wa pekee uliobaki uko huko.

Ufunguo huo uligeuzwa 4 Machi 2022, baada ya jaji kuwa ameshaona Februari kwamba washtakiwa wana kesi ya kujibu. Mkurugenzi wa Mashtaka aliiambia mahakama kwamba hana nia ya kuendelea, na washtakiwa wakaachiwa. Uwezo huo anao kwa sheria, na hatakiwi kueleza sababu. Lakini kuachiwa kwa njia hii si sawa na kushinda kesi: mtu anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Nimeona familia zikichinja mbuzi siku ya namna hii. Furaha hiyo ni yao na wameistahili, ila wakili asiondoke mahakamani bila nakala ya amri, na bila kuomba simu, pasi na mali nyingine zilizoshikiliwa kama vielelezo.

Kwa asiye na wakili wa kumlipa, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Inamruhusu hakimu, anapoona kwamba haki inahitaji hivyo na mshtakiwa hana uwezo, kuelekeza apatiwe wakili. Inawatambua pia wasaidizi wa kisheria. Hawa hawaruhusiwi kumwakilisha mtu kortini, lakini wanaweza kufika kituoni na gerezani, kueleza utaratibu na kumwelekeza mtu kwa wakili. Kazi nyingi nilizozitaja hapa hazihitaji joho: kutafuta namba ya kesi, kuthibitisha hati, kuandaa barua za wadhamini, kukusanya karatasi za hospitali. Ndugu anayekwenda masjala leo aanze na maswali matatu tu kwa karani. Namba ya shauri ni ipi, amri ya mwisho kwenye jalada inasema nini na ni ya tarehe gani, na hakimu aliyeitoa anakaa siku zipi. Akipata majibu hayo aandike kwenye karatasi na ampelekee msaidizi wa kisheria au wakili kabla ya siku ya kesi kutajwa, kwa sababu siku yenyewe ikifika hakimu atakuwa na mafaili mengi mezani na dakika chache kwa kila moja.