Takriri ya Sauti za Mwanzo katika Methali za Kiswahili: Mpaka wa Sarufi na Sanaa

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, takriri ya sauti za mwanzo aghalabu hubainishwa kwa kuhesabu: sauti ikijirudia mwanzoni mwa maneno yanayokaribiana, hutajwa kuwa mbinu ya kisanaa. Kipimo hicho hakitoshi. Katika lugha za Kibantu, upatanisho wa ngeli huzalisha urudiaji bila msemaji kuukusudia. Sentensi "Watu wale wawili wamefika" ina wa- mara nne, lakini haina ushairi wowote.

Hoja hii ina uzito Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, ambako Kiswahili huzungumzwa sambamba na Kisukuma na Kisumbwa. Lugha hizo nazo ni za Kibantu na zina upatanisho wa aina hiyohiyo. Penye wa- ya watu, Kisukuma kina ba- ya banhu. Kwa msikilizaji wa huko, mfululizo wa viambishi ni kawaida ya usemi. Kinachoweza kumgusa ni kile kinachozidi matakwa ya sarufi.

Ziada hiyo hubainika kwa ubadilishaji wa maneno. Katika "Chanda chema huvikwa pete", ch- zote mbili zinatokana na ki- iliyokutana na irabu. Hata hivyo, "kidole chema" ni sahihi kisarufi, ila mlingano wa sauti unapotea. Sarufi imelazimisha chema, haikulazimisha chanda. Sanaa imo katika uteuzi wa nomino.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda" inakwenda mbali zaidi. Nafasi ya kidonda ingeweza kujazwa na jeraha au maradhi. Kidonda kimeteuliwa, na kwa hiyo furaha na maumivu yanaanza kwa sauti moja, sikio lisitofautishe upesi. Huo ndio udanganyifu wa upya ambao methali inautahadharisha. Katika "Haraka haraka haina baraka", ha- ya haraka ni sehemu ya mzizi, ilhali ha- ya haina ni kiambishi cha ukanushi. Sauti iliyotangulia kuhimiza ndiyo inayorudi kukana.

Inaweza kudaiwa kwamba methali haina mtunzi anayejulikana, hivyo kusudio halithibitiki. Ubadilishaji, hata hivyo, haupimi nia ya mtu. Hupima uteuzi uliomo katika matini. Ushairi wa Kisomali, ambao kanuni yake hudai sauti moja ya mwanzo irudiwe mshororo hadi mshororo, haumwachii mtunzi hiari hiyo. Ushairi wa Kiswahili wa kimapokeo umeweka sharti lake kwenye vina, ukaacha mwanzo wa neno huru.

Kwa hiyo, mtahiniwa anayeorodhesha kila wa- na ki- ameonyesha ujuzi wa ngeli. Uhakiki unaanza pale anapotaja neno ambalo lingeweza kuwa jingine, na kueleza maana ambayo ingepotea.