Sauti Iliyokatwa Kichwa: Huzuni ya ‘Peel’ Ilivyotengenezwa

Albamu ya Peel ya Joseph Kamaru, Mnairobi anayejulikana kisanii kwa jina la KMRU, haina ngoma, haina kibwagizo, wala haina mstari wa kuimbia bafuni. Ilitoka mwaka 2020 kupitia Editions Mego, kampuni ya Vienna iliyoongozwa na Peter Rehberg hadi alipofariki mwaka 2021. Ina vipande 6, na kile cha mwisho, chenye jina la albamu, kinapita dakika 20. Wapenzi wa muziki wa ambienti, ule wa sauti zinazotanda polepole bila mdundo, hasa wenye giza la kigothi, wameipenda kwa sababu inatia huzuni bila kusema inamlilia nani.

Nilitaka kujua masikio yaliyokulia kwenye mngurumo yataipokeaje, na kwa hilo hakuna mahali kama Shimanzi. Upande huu wa magharibi wa kisiwa cha Mombasa, ukipakana na bandari ya Kilindini, umejaa maghala ya chai, matangi ya mafuta na malori yanayosubiri zamu injini zikiwaka. Niliwachezea watu wachache kipande hicho cha mwisho. Kuli aliyekuwa amekaa juu ya mapaleti hakuchukua muda: “Hini jenereta, si muziki.” Dereva wa lori alisubiri kidogo, kisha akauliza mbona wimbo hauanzi. Karani wa ghala alinyamaza muda mrefu, akasema umemkumbusha matanga ya nyumbani kwao. Na ami mmoja wa Mji wa Kale, aliyepiga udi harusini enzi za ujana wake, alitikisa kichwa: “Maneno yako wapi, mwanangu? Huzuni bila shairi ni ugonjwa tu.”

Kwa haraka utadhani watu hawa wamesikiliza nyimbo nne tofauti. Kiufundi hawapingani hata kidogo. Kila mmoja ameshika kiungo kimoja cha kazi ileile, na tukiviunganisha tutaona huzuni hii imefumwaje.

Mbona haianzi?

Tuanze na dereva. Kila sauti ina kichwa, kiwiliwili na mkia. Mpiga udi anapougusa uzi, unasikika mgoto mfupi: hicho ni kichwa. Uzi ukilia ni kiwiliwili, ukififia ni mkia. Sikio hutegemea sana kichwa ili kutambua chombo kinacholia. Mwaka 1948 Mfaransa Pierre Schaeffer, akifanya kazi katika redio jijini Paris, alirekodi kengele kisha akaondoa ule mgoto wa mwanzo. Kilichobaki hakikusikika tena kama kengele. Kilisikika kama chombo cha kupuliza.

Miaka 4 kabla yake, Afrika ilikwisha kufika huko kwa njia nyingine. Jijini Cairo, mwaka 1944, Halim El-Dabh alichukua mashine ya kurekodi kwa waya, akanasa sauti za wanawake katika shughuli ya zari, yaani ya kupunga pepo. Watu wa Pwani wanaozijua ngoma za pepo hawahitaji kuelezwa shughuli hiyo ni ya namna gani. Aliporudi studio alipunguza sauti za msingi, akaziacha zile nyembamba za juu, akazipitisha kwenye chumba cha mwangwi. Waimbaji wakatoweka na uimbaji ukabaki.

Peel ni ya ukoo huo. KMRU hutembea na kinasa sauti, huokota sauti za mahali, kisha huzifanyia kazi kwenye kompyuta: huzinyoosha, huzichuja, huzipanga tabaka juu ya tabaka. Katika albamu hii vichwa vya sauti vimesagwa kabisa. Hakuna sauti inayoingia kwa kishindo. Kila moja unaigundua ikiwa tayari imo ndani, na huwezi kusema imeingia dakika ya ngapi. Dereva angengoja mwanzo hadi kipande kiishe, kwa sababu mwanzo ndicho kitu kilichoondolewa kwa makusudi.

Hapa ndipo unyonge unapopata mlango. Sikio linasikia kitu linachokifahamu, labda sauti za watu, labda barabara, labda mvua juu ya bati, lakini haliwezi kukitaja jina. Kumbukumbu inaamka na kukosa pa kutua.

Hini jenereta

Kuli naye alisema kweli zaidi kuliko alivyokusudia. Umeme wa Kenya hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, na transfoma hulia kwa maradufu yake, hezi 100. Kwa anayepiga kinanda, hiyo ni sauti iliyo juu kidogo tu ya noti ya G ya chini, ambayo ni hezi 98. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi kando ya mitambo anaijua noti hiyo hata kama hajawahi kushika kinanda.

Kuna jambo la pili pia. Pampu mbili zikizunguka kwa kasi inayokaribiana, moja ikitoa hezi 100 na nyingine 101, sikio halisikii noti mbili. Linasikia noti moja inayopanda na kushuka mara moja kwa kila sekunde. Hayo huitwa mapigo, na watengenezaji wa muziki huu huyatumia kwa makusudi: wanaweka tabaka mbili za sauti karibu sawa, wanaziacha zisuguane, na muziki usio na ngoma unaanza kupumua wenyewe. Mawimbi unayoyasikia kwenye kazi za KMRU, yale yanayokuja na kurudi bila mtu kugusa kitu, yana asili hiyo.

Wala msanii hafichi kwamba mitambo ni mali ghafi yake. Katika Natur, kazi ndefu aliyoitoa mwaka 2024 kupitia kampuni ya Touch ya Uingereza, alitumia maikrofoni zinazonasa mawimbi ya sumaku-umeme, akilinganisha Nairobi ambako nyaya na transfoma ziko juu ya vichwa vya watu, na Berlin alikohamia kusoma, ambako nyaya zimefukiwa chini. Umeme wa miji yote miwili ni wa hezi 50. Tofauti ni kwamba mji mmoja unausikia na mwingine umeuzika. Mwaka 2023, katika Dissolution Grip, alikwenda mbali zaidi: alichukua michoro ya mawimbi ya sauti alizorekodi, akaifanya kuwa mwongozo wa kupigia sinthesaiza. Mahali pakabaki kama umbo, sauti yake yenyewe ikaondoka.

Basi kwa nini mngurumo huohuo umguse karani na umpite kuli? Kwa sababu kuli anaujua mwenyewe. Shimanzi mngurumo ni zamu, ni kibarua, ni mshahara wa jioni. Ukizimika ndipo watu wanaposhtuka. Sauti ambayo chanzo chake kinajulikana haina fumbo, na pasipo fumbo mbinu ya kukata kichwa haifanyi kazi. Ili Peel ikuhuzunishe, lazima kwanza ushindwe kuitambua.

Matanga

Karani hakutambua mashine. Alisikia msiba, na fizikia inamuunga mkono.

Watafiti wa saikolojia ya muziki wameeleza kwa muda mrefu kwamba mtu mwenye huzuni huongea polepole, kwa sauti ya chini, isiyo kali, isiyopanda wala kushuka sana. Muziki wenye sifa hizo huwagusa watu wengi kwa namna hiyohiyo. KMRU anazipata sifa zote kwa vifaa viwili: kichujio na mwangwi.

Kichujio hukata sauti kali za juu. Katika usemi wa binadamu, sauti hizo ndizo zinazobeba konsonanti nyingi kama s, f na t. Za chini hubeba zaidi irabu na mahadhi. Ndiyo maana ukilala katika nyumba ya Mji wa Kale yenye kuta nene za matumbawe na chokaa, na kwa jirani pana watu wanaozungumza, hushiki neno hata moja lakini unajua kama wanacheka au wanalia. Sehemu kubwa ya Peel imechujwa kwa kiwango hicho. Ni sauti ya kilio cha upande wa pili wa ukuta, na karani alikuwa upande huu.

Mwangwi unamalizia kazi. Sikio hupima umbali wa mtu kwa kulinganisha sauti inayolifikia moja kwa moja na ile inayogonga kuta kwanza. Ya moja kwa moja ikizidi, mtu yuko karibu. Ya kuta ikizidi, yuko mbali. Makanisa ya mawe ya Ulaya, yale ya mtindo wa kigothi hasa, hushikilia sauti kwa sekunde nyingi kabla haijafa. Miaka ya 1980 vikundi kama Cocteau Twins na Dead Can Dance, vilivyorekodi chini ya kampuni ya 4AD ya London, vilijenga ukubwa wa namna hiyo studio kwa mashine za mwangwi, na ladha hiyo ndiyo iliyorithiwa na ambienti ya kigothi. Leo kompyuta haina ukuta wala paa: mkia unaweza kuvutwa upendavyo. Katika Peel sauti ya moja kwa moja imepunguzwa hadi inakaribia kwisha, na unayemsikia yuko mbali kila wakati. Kitu cha karibu kilichopelekwa mbali, kikalia nyuma ya ukuta, mtu wa kwetu atakiitaje kama si matanga?

Maneno yako wapi?

Lalamiko la ami ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linagusa kinachokosekana. Taarabu ya Mombasa nayo ni bingwa wa huzuni, ila huzuni yake ina anwani. Juma Bhalo alipoimba tungo za Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita, msikilizaji alijua nani kaachwa, nani kasalitiwa, na fumbo linamlenga nani mtaani. Udi una kichwa kikali na mkia mfupi. Kila noti inajitaja, kisha inafyata ili neno lipite. Ala na shairi vinapishana kwa adabu. Ambienti imekata kichwa cha sauti, na pamoja nacho imekata mlengwa.

Je, lazima iwe hivyo? Wakenya wawili wanajibu kuwa si lazima. Nyokabi Kariũki, katika albamu ya FEELING BODY ya mwaka 2023, anazungumzia mwili uliobaki na UVIKO kwa muda mrefu. Anapanga sauti yake mwenyewe tabaka kwa tabaka, na baadhi ya vipande vina majina ya Kiswahili, kama Subira na Nazama. Mbinu ni zilezile, mwangwi na tabaka, ila anabakiza pumzi na konsonanti. Unajua nani anaugua. KMRU mwenyewe alisogea upande huo mwaka 2024 katika Disconnect, aliyoshirikiana na Mwingereza Kevin Richard Martin. Pale sauti yake ya kuzungumza imewekwa juu ya besi nzito, na hiyo ndiyo kazi yake iliyo karibu zaidi na giza la kigothi. Kwa sikio langu, huzuni za albamu hizi mbili zinadumu zaidi ya ile ya Peel, kwa sababu baada ya ukungu kupita kuna mtu amesimama.

Hata hivyo Peel haidanganyi. Wengi wanaofanya muziki huu huficha uchache wa mawazo ndani ya mwangwi mrefu. Kipimo changu ni kimoja: fikiria mwangwi umezimwa, kisha jiulize kimebaki nini. Kwa wengi hubaki noti mbili za sinthesaiza. Kwa KMRU hubaki mahali, pakiwa na kokoto zake, watu wake na umeme wake. Udhaifu wake ni urefu. Tabaka zikishakamilika kuingia, dakika kadhaa hupita bila mbinu mpya, na msikilizaji anaachiwa kazi ambayo mtunzi angeweza kuifanya.

Umesikiliza kwa chombo gani?

Limebaki jambo moja ambalo wachambuzi hulipita, nalo ndilo linaloamua maoni mengi kuliko ladha. Spika ya simu ni ndogo kiasi kwamba sauti za chini ya hezi 200 au 300 hutoka hafifu sana, au hazitoki kabisa. Ile hezi 100 tuliyoizungumzia, pamoja na mapigo yake, inapotea karibu yote. Anayesikiliza Peel kwa simu iliyo mkononi anapata mkwaruzo wa juu bila mwili wa chini, na akisema inachosha yuko sahihi kuhusu alichokisikia.

Mahali napo pana amri yake. Sauti kubwa hufunika sauti ndogo zilizo karibu nayo kimasafa. Lori likinguruma uani Shimanzi, tabaka za chini za albamu zinamezwa, kwa kuwa ziko kwenye chumba kilekile cha masafa. Kuli na dereva walisikiliza kwa spika, injini ikiwa hai. Karani aliingia ghalani na kuvaa spika za masikioni, marobota ya chai yakimkinga na kelele za nje. Walisikiliza faili moja, ila kilichowafikia masikioni kilikuwa vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo anayetaka kuipima albamu hii kwa haki aisikilize kwa spika za masikioni zenye besi, mahali palipotulia, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na sisi tunaoandika maoni tuwe na desturi mpya: kabla ya kusema muziki unasikitisha au unachosha, tutaje kwanza tuliusikiliza kwa chombo gani na kando ya mashine gani.