Toledo: Mji Unaotazamwa Bila Kusomwa

Mgeni anayetoka Madrid kwenda Toledo huuona mji kabla ya kuuingia. Mto Tagus umeukumbatia mlima wa mawe pande tatu, na juu ya mlima nyumba zimepandana hadi kileleni, ngome ya Alcázar ikichomoza upande mmoja na mnara wa kanisa kuu upande wa pili. Aghalabu mgeni huyo huvushwa ng'ambo ya mto, husimamishwa pahala palipoinuka, akaambiwa atazame. Naye hutazama, hupiga picha, kisha saa chache zilizobaki kabla ya gari kuondoka huzitumia kutafuta ndani ya vichochoro kile alichokwisha kukiona kwa mbali. Hapo ndipo ziara nyingi za Toledo zinapoharibika.

Sehemu ya lawama ni ya El Greco, ingawa ni lawama ya heshima. Mchoraji huyo, mtu wa kisiwa, mzaliwa wa Krete, alifika Toledo mwaka 1577 na hakuhama tena hadi alipofariki mwaka 1614. Picha yake mashuhuri ya mji huo, iliyoko sasa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, yauonyesha chini ya mawingu mazito, kama kwamba radi imekwisha kupiga na ngurumo bado haijasikika. Kutoka upande aliouchora, kanisa kuu halionekani. El Greco alilinyanyua akalitua kando ya Alcázar. Katika picha nyingine ya mji huohuo, aliyoichora baadaye na kuitia ramani, alifanya jambo la nadra: aliandika ndani ya picha kwamba hospitali ya Tavera ameihamisha, kwa kuwa ingeliziba lango la Bisagra, na kwamba anayetaka kujua ilipo hasa aitazame ramani. Waliorithi jicho lake hawakurithi ungamo lake. Kauli inayouzwa leo, ya "mji wa tamaduni tatu", nayo ni picha iliyohamishwa vitu. Msikiti, sinagogi na kanisa vimepangwa safu moja kama majirani wanaokunywa kahawa baraza moja, na haielezwi ni nani aliyeondolewa barazani, wala mwaka gani.

Dawa ni kuusoma mji, na mahali pa kuanzia ni msikiti mdogo wa Bab al-Mardum, unaoitwa leo Cristo de la Luz. Haufiki mbali zaidi ya mita 8 kila upande. Ndani mna nguzo nne zinazoigawa dari kuwa kuba tisa ndogo, na hakuna kuba inayofanana na nyingine. Vichwa vya nguzo vilitolewa katika majengo ya kale zaidi, ya zama za Wavisigothi. Waliojenga hapo nao walirithi. Nje, kwenye paji la ukuta, tofali zenyewe zimepangwa zikawa maandishi ya Kikufi. Zamtaja Ahmad ibn Hadidi, aliyeujenga msikiti kwa mali yake akitaraji thawabu. Zamtaja fundi Musa ibn Ali na mwenziwe Sa'ada. Zautaja Muharram wa mwaka 390 Hijria, yaani ukingoni mwa mwaka 1000.

Alfonso VI aliutwaa mji mwaka 1085. Katika karne ya 12 msikiti ukawa kanisa, ukaongezewa sehemu ya madhabahu kwa tofali na matao yaliyofuata mkono uleule. Ngano inayosimuliwa humo yasema farasi wa mfalme alipiga magoti mbele ya jengo, na ukuta ulipofunguliwa ikaonekana sanamu ya Kristo na taa iliyokuwa ikiwaka miaka yote ya utawala wa Waislamu. Ni ngano tamu, na kazi yake ni kuzifanya karne tatu na nusu zionekane kuwa pazia tu. Hiyo husimuliwa kwa kila kikundi, ilhali tofali husomwa na wachache. Kwa mwenyeji wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hali hii si ngeni: milango mingapi hupitwa na watu wanaojua bei ya mbao zake kuliko maneno yaliyochongwa juu yake?

Lugha ya Kiarabu, hata hivyo, haikutoka Toledo pamoja na utawala. Kwa karibu karne mbili baada ya 1085, Wakristo wa mji huo waliendelea kuandikiana hati za kuuziana nyumba na mashamba kwa Kiarabu. Gherardo wa Cremona alikuja kutoka Italia kukitafuta kitabu cha Ptolemy cha elimu ya nyota, akakaa akitafsiri hadi alipofariki mwaka 1187. Na katika sinagogi la El Tránsito, lililojengwa katikati ya karne ya 14 na Samuel ha-Levi, mweka hazina wa Mfalme Pedro, nakshi za chokaa zimebeba Kiebrania, nembo za Castilla, na Kiarabu, vyote ukutani pamoja. Huo ndio ukuta unaopigiwa mfano wa maelewano. Lakini mfalme yuleyule alimkamata Samuel, naye akafia kifungoni. Mwaka 1391 mtaa wa Wayahudi ulishambuliwa. Mwaka 1492 walifukuzwa Hispania nzima. Ukuta ulibaki kuwa mzuri.

Aliyeusoma mji huu vizuri kuliko wote huenda ni Cervantes. Katika sura ya 9 ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1605, msimulizi ananunua sokoni Toledo madaftari ya Kiarabu asiyoweza kuyasoma. Anamtafuta Mmorisko, mmoja wa wale Waislamu waliobatizwa kwa nguvu, na hapati taabu kumpata. Huyo anafungua katikati, anasoma kidogo, anacheka: pembeni pameandikwa kwamba Dulcinea hana mfano kwa kukoleza chumvi nyama ya nguruwe. Wanapatana ujira ndani ya ua wa kanisa kuu: ratili 50 za zabibu kavu na vipimo viwili vya ngano. Kazi inakwisha kwa mwezi mmoja na nusu, nyumbani kwa msimulizi.

Mzaha huo una mwiba. Amri ya kifalme ilikwisha kuwaharamishia Wamorisko wa Granada lugha ya Kiarabu mwaka 1567, na mwaka 1609, miaka minne baada ya kitabu kutoka, ikaanza kazi ya kuwafukuza wote nchini. Mwandishi wa Kiarabu wa kubuni alipewa na Cervantes jina refu, Cide Hamete Benengeli. Mfasiri, aliyekifanya kitabu kisomeke, hakupewa jina lolote. Ua walimopatania ungali pale, kando ya kanisa kuu, na vikundi hupita ndani yake vikielekea kwenye picha za El Greco.